Gari na mbwa: Kwanini safari ya kurudi nyumbani huanza mwaka mmoja kabla ya tiketi

WATANZANIA wengi waishio ughaibuni, siku wanapoamua kurejea nyumbani moja kwa moja, huanza maandalizi kwa kutafuta tiketi za ndege na kampuni ya kusafirisha makontena. Vyombo hufungwa, watoto huaga shule, nyumba hurudishwa kwa mwenyewe. Mambo mawili huachwa hadi siku za mwisho kwa sababu yanaonekana mepesi: gari la familia, ambalo tayari limelipiwa, na mbwa, ambaye watoto wamekua naye na hakuna anayeweza kufikiria kumwacha.

Kumbe ni mambo hayo mawili hasa yanayoweza kuigharimu familia fedha nyingi na machozi mengi. Sababu yake ni kwamba gari na mbwa, tofauti na sofa au televisheni, huulizwa umri, jina la mwenye mali na historia. Kwa gari, sheria inauliza limemilikiwa na nani na kwa muda gani. Kwa mbwa, inauliza alichanjwa lini na nani anaweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyeletwa uwanja wa ndege. Majibu ya maswali hayo hayanunuliwi dirishani siku ya kusafiri, bali hutengenezwa kwa miezi.

Makala haya yanachukua mfano wa familia inayohama kutoka Uingereza kwenda Dar es Salaam, njia inayotumiwa na Watanzania wengi, na kueleza hatua kwa hatua kinachotakiwa na kwanini kinatakiwa.

Msamaha wa ushuru upo, lakini una masharti

Tanzania, kama nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, inatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Katika Jedwali la Tano la sheria hiyo kuna nafuu kwa mtu anayehamisha makazi yake kutoka nje ya Jumuiya na kuja kuishi ndani. Mtu huyo anaruhusiwa kuingiza bila ushuru wa forodha mavazi na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikotoka, pamoja na gari moja.

Gari hilo lina masharti yake. Kwanza, mhusika awe amelimiliki yeye mwenyewe na kulitumia nje ya Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12, na siku ambazo gari lipo baharini hazihesabiwi. Pili, awe ametimiza umri wa miaka 18. Tatu, liwe gari la kawaida la kutembelea; sheria inayaondoa mabasi yenye viti zaidi ya 13 pamoja na magari ya mizigo yanayobeba zaidi ya tani mbili. Nne, awe kweli anahama. Aliyekuja kwa likizo ya Krismasi hahesabiwi kuwa amehamisha makazi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kuna anayeamua kuuza gari lake la zamani miezi mitatu kabla ya kuondoka ili anunue jingine zuri zaidi la kurudi nalo. Kwa macho yake amefanya jambo la busara. Kwa macho ya forodha ameanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, na miezi mitatu si 12. Kuna mwingine ambaye gari limeandikwa jina la mwenzi wake anayebaki Uingereza kumalizia mkataba wa kazi. Gari ni la familia, lakini kwa mujibu wa karatasi si la huyo anayehama.

Uthibitisho ni wa maandishi. Kadi ya usajili ya Uingereza huonyesha jina la anayelitunza gari na tarehe aliyolipata. Karatasi za bima za mwaka mzima, stakabadhi ya kununulia na hati za ukaguzi wa kila mwaka huonyesha kwamba gari lilikuwa likitumika. Pasipoti, viza au kibali cha ukaazi, mkataba wa nyumba na barua ya kuacha kazi huonyesha kwamba mtu aliishi huko na sasa anahama. Mali bila daftari, waliosema wahenga, hupotea bila habari. Na bandarini daftari ndilo linaloanza kuombwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mzigo wa anayehama unatakiwa kufika pamoja naye au ndani ya siku 90 tangu alipowasili, isipokuwa Kamishna akiruhusu muda zaidi. Anayetangulia mwezi Januari na kuliacha gari kwa rafiki ili lisafirishwe “hali ikiwa nzuri” anauweka msamaha wake rehani.

Aidha, msamaha huo haulifanyi gari kuwa bidhaa ya biashara. Gari lililosamehewa likiuzwa kwa mtu asiye na haki ya msamaha, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Na kwa kuwa ushuru wa forodha ni kodi moja tu kati ya kadhaa zinazotozwa gari linapoingia, ni vema mhusika akaiandikia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kusafirisha, akapata jibu la maandishi linalotaja kila kodi inayomhusu.

Bila msamaha hesabu inakuwaje?

Thamani ya msamaha huonekana pale mtu anapoukosa. Kodi za gari hukokotolewa kutoka bei ya gari ikijumlishwa na bima na nauli hadi bandarini. TRA haitegemei tu bei iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, unaoangalia aina, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini.

Viwango vilivyozoeleka ni ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia sifuri, tano au 10 kutegemea ukubwa wa injini. Na Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18. Juu ya hivyo kuna ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari dogo la kutembelea ni asilimia 15 likiwa na umri wa miaka minane hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Bunge hupitia viwango katika bajeti ya kila mwaka, hivyo anayepanga safari ya mwakani hana budi kuvihakiki tena baada ya Julai.

Tuchukue hesabu ya mfano. Gari lenye injini ya sentimita za ujazo 1,800, umri wa miaka 11, limethaminiwa pamoja na nauli na bima kuwa Sh10,000,000. Ushuru wa forodha ni Sh2,500,000. Jumla inakuwa Sh12,500,000, na juu yake ushuru wa bidhaa wa asilimia tano ni Sh625,000, huku wa uchakavu wa asilimia 30 ukiwa Sh3,750,000. Sasa jumla ni Sh16,875,000, na asilimia 18 yake ni Sh3,037,500. Ukijumlisha kodi hizo nne unapata Sh9,912,500, bila tozo ndogo ndogo za forodha, gharama za bandari, wakala na usajili.

Kwa maneno mengine, gari la shilingi milioni 10 linadaiwa karibu milioni 10 nyingine. Gari hilo hilo lingekuwa na umri wa miaka saba, likathaminiwa kiasi kile kile, kodi hizo zingekuwa Sh5,487,500. Tofauti ya zaidi ya milioni nne imeletwa na umri peke yake.

Nchi jirani zina masharti yake. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na sharti hilo humhusu pia mkazi anayerejea. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu mwaka 2005 iliyazuia magari yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo gari linalofaa Dar es Salaam si lazima lifae Kigali.

Je, kuna faida ya kulileta?

Swali hili linafaa kuulizwa kabla ya kuomba bei ya meli. Gari lililonunuliwa Uingereza lina faida moja ya wazi: usukani wake upo kulia, kama barabara za Tanzania zinavyotaka. Anayetoka Marekani, Ujerumani, Oman au Falme za Kiarabu huwa na gari lenye usukani kushoto, na kulipita lori katika barabara ya Morogoro ukiwa umekaa upande wa ukingo wa barabara ni kuomba msaada wa macho ya abiria.

Upande wa pili ni vipuri. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania hutoka Japan, na ndiyo maana fundi wa mtaa wowote anaijua Toyota na maduka ya Kariakoo yamejaa vipuri vyake. Gari la Ulaya lisilozoeleka hapa huweza kusimama wiki kadhaa likisubiri kifaa kimoja kutoka nje. Mwenye gari analolijua, lenye umri mdogo na lililotimiza miezi 12, ana sababu ya kulileta. Mwenye gari chakavu asilokuwa na msamaha nalo, mara nyingi atapata unafuu akiliuza huko huko na kununua jingine akifika.

Kulitoa Uingereza

Gari haliondoki Uingereza kimya kimya. Mamlaka ya usajili wa magari ya nchi hiyo, DVLA, inataka ijulishwe kwamba gari linaondoka moja kwa moja. Katika kadi ya usajili kuna kipande maalumu cha kujaza, kukata na kupeleka kwa mamlaka hiyo. Sehemu iliyobaki ya kadi hutunzwa kama mboni ya jicho, kwa sababu ndiyo itakayotumika kulisajili gari Tanzania. Aliyetuma kadi nzima kwa kutojua hujikuta bandarini Dar es Salaam bila hati ya msingi. Anayetoa taarifa ipasavyo hurudishiwa kodi ya barabara kwa miezi kamili iliyobaki.

Gari lililonunuliwa kwa mkopo nalo lina mambo yake. Katika mikataba mingi ya aina hiyo mwenye mali kisheria ni kampuni iliyotoa fedha hadi deni liishe, na kulitoa nchini bila ridhaa yake ni kosa. Deni hilo pia linaweza kuibua swali kuhusu umiliki ule wa miezi 12.

Kuna njia mbili za kulisafirisha. Ya kwanza ni meli za magari, ambamo gari huendeshwa likaingia melini na kuendeshwa likatoka. Njia hii kwa kawaida ni nafuu, lakini gari huwa tupu. Haliruhusiwi kuwa ghala la masufuria na mablanketi. Ya pili ni kontena. Kontena la futi 20 huchukua gari moja na vitu kidogo, na la futi 40 huchukua gari na vyombo vya nyumba nzima. Kwa familia inayohamisha kila kitu, kontena huweza kuwa na maana zaidi kwa sababu mzigo wote unakuwa na hati moja ya shehena.

Muda wa safari nao haupaswi kukisiwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilielekeza meli zake kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, badala ya kupita mfereji wa Suez. Mzunguko huo uliongeza siku kadhaa katika safari kati ya Ulaya na upande huu wa Bahari ya Hindi. Aliyeweka ahadi kwa hesabu za zamani alijikuta akipanda daladala kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Meli ikifika, kazi ya kuligomboa gari hufanywa na wakala wa forodha mwenye leseni. Bandari hutoa siku chache za kuhifadhi mzigo bila malipo, kisha tozo huanza kuhesabiwa kila siku. Ndiyo sababu nakala za hati zote zinatakiwa ziwe mikononi mwa wakala kabla meli haijatia nanga. Wakala huyo huyo aulizwe mapema kama ukaguzi unaotakiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) utafanyika kabla gari halijapakiwa au baada ya kufika. Vishoka wanaozunguka nje ya ofisi wakiahidi kumaliza kila kitu “kwa siku mbili” huwa hawaonekani tena tozo zinapoanza kupanda.

Mbwa si mzigo

Mbwa hawezi kuwekwa ndani ya gari na kupandishwa melini. Gari huenda kwa wiki nyingi baharini, mbwa huenda kwa saa chache angani, na kila mmoja ana milango yake ya kupita. Mlango wa mbwa unalindwa kwa sababu ya ugonjwa mmoja kuliko yote: kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa kwa kawaida hufa. Lakini chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipoitumia kwa mtoto aliyeng’atwa, mwaka 1885. Ugonjwa wenye kifo cha uhakika na kinga ya uhakika ndio unaozifanya serikali zisikubali neno la mtu, ila karatasi ya daktari.

Kwa mbwa anayekuja Tanzania, hatua ya kwanza ni kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizara yenye dhamana ya mifugo, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kibali huombwa kabla ya kufanya jambo jingine lolote la safari, kwa kuwa ndani yake ndimo yanamoandikwa masharti ambayo daktari wa Uingereza atatakiwa kuyathibitisha.

Hatua ya pili ni utambulisho. Mbwa huwekewa chini ya ngozi chipu ndogo yenye namba ya tarakimu 15, inayosomwa kwa mashine. Mpangilio una umuhimu wake: chipu hutangulia, chanjo hufuata. Mbwa aliyechanjwa kabla ya kuwekewa chipu huweza kutakiwa kuchanjwa upya, kwa sababu hakuna namba inayoifunga chanjo ile na mnyama huyu. Kwa nchi nyingi, mtoto wa mbwa hachanjwi chanjo hii inayokubalika kisafari kabla ya kufikisha wiki 12.

Hatua ya tatu ni cheti cha afya cha kumtoa mnyama nje ya nchi, ambacho Uingereza hukisainiwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa na serikali. Cheti hiki hutolewa siku chache tu kabla ya safari, hivyo miadi ya daktari hupangwa sambamba na tarehe ya ndege. Ndege ikiahirishwa kwa wiki moja, cheti kinaweza kuwa kimekwisha muda.

Wanaodhani kwamba umaarufu au fedha huweza kuipita milango hii wakumbuke mkasa wa mwaka 2015. Mwigizaji wa Marekani Johnny Depp na mkewe wa wakati huo, Amber Heard, waliingia Australia kwa ndege ya binafsi wakiwa na mbwa wawili wadogo, Pistol na Boo, ambao hawakutangazwa kwa maofisa. Waziri wa Kilimo, Barnaby Joyce, aliwataka wawaondoe mbwa hao haraka la sivyo wauawe. Mbwa waliondoka. Aprili 2016, Heard alikiri mahakamani kosa la kutoa taarifa ya uongo katika hati ya kuingilia nchini, na mahakama ikamtaka awe na mwenendo mwema kwa mwezi mmoja.

Tundu la safari

Mashirika ya ndege hufuata kanuni za usafirishaji wa wanyama hai za chama chao cha kimataifa, IATA. Msingi wake ni kwamba mbwa aweze kusimama wima, kugeuka na kulala bila kujikunyata. Urefu wa tundu hupatikana kwa kupima mbwa kutoka pua hadi shina la mkia na kuongeza nusu ya kimo cha mguu wa mbele, kutoka sakafu hadi kiwiko. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega. Kimo ni kile cha mbwa akiwa amesimama, masikio yakihesabiwa.

Tundu huwa na matundu ya hewa, chombo cha maji kinachojazwa kutokea nje na alama zinazoonyesha kwamba ndani mna mnyama hai. Mbwa mwenye tundu dogo hukataliwa hapo hapo uwanjani, hata kama karatasi zake zote zimekamilika. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri tundu linunuliwe miezi kadhaa kabla, liwekwe sebuleni likiwa wazi, na mbwa azoee kulala humo.

Dawa za usingizi hazishauriwi, kwa kuwa mnyama aliyelewa dawa angani hupumua na kujitegemeza kwa shida, na hakuna wa kumhudumia. Mbwa wa pua fupi, kama bulldog na pug, wana hatari kubwa zaidi ya kukosa pumzi, na mashirika mengi ya ndege huwakataa au huwawekea masharti magumu. Nchi ambayo ndege itapita kubadilisha abiria nayo huweza kuwa na masharti yake kwa mnyama.

Akishafika Dar es Salaam, hatari hubadilika. Mbwa aliyezaliwa Uingereza hajawahi kukutana na kupe wa huku, ambao hueneza maradhi kama babesia na erlichia yanayoweza kumuua ndani ya siku chache. Dawa ya kupe ianze kabla ya safari, na daktari wa mifugo wa mtaa atakaoishi afahamike kabla hajahitajika. Anayepanga nyumba naye aulize mapema kama mwenye nyumba na majirani wanaridhia mbwa, kwani si kila ua wa Sinza au Mbezi una nafasi ya kumpokea.

Mlango wa kurudi ni mwembamba

Kuna jambo ambalo wanaohama hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Kumleta mbwa kutoka Uingereza ni rahisi kuliko kumrudisha. Maisha hubadilika, kazi huisha, mtoto hupata chuo, na familia hulazimika kurejea ilikotoka. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza na Umoja wa Ulaya huzihesabu kuwa na hatari ndogo ya kichaa cha mbwa.

Kwa mbwa anayetoka katika nchi isiyo kwenye orodha, chanjo pekee haitoshi. Damu yake hutakiwa kuchukuliwa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa, na kingamwili zisipungue uniti 0.5 kwa mililita. Kisha husubiriwa miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa ndipo mnyama aruhusiwe kuingia. Kwa Uingereza huongezwa dawa ya minyoo aina ya tegu, anayopewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Kwa hesabu ya haraka, hiyo ni miezi minne au zaidi.

Masharti hayo, pamoja na ugumu wake, ni nafuu yakilinganishwa na ya zamani. Hadi mwaka 2000, ulipoanzishwa mpango wa safari za wanyama wa kufugwa, mbwa aliyeingia Uingereza kutoka nje aliwekwa karantini miezi sita. Kwa mbwa wa nchi zisizo kwenye orodha, karantini hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka 2011.

Dawa ya tatizo hili ni kumpima mbwa damu kabla hajaondoka Ulaya. Chini ya taratibu za Umoja wa Ulaya, mbwa aliyepimwa na matokeo yake kuandikwa katika pasipoti yake kabla ya kutoka, na ambaye chanjo yake haijawahi kukatika, hasubiri tena miezi mitatu anaporudi. Uingereza ina utaratibu unaofanana na huo, na daktari anayeandaa safari ndiye wa kuulizwa hati inayostahili. Marekani nayo, katika kanuni zilizoanza Agosti 1, 2024, inatofautisha mbwa aliyechanjwa nchini humo na aliyechanjwa katika nchi yenye hatari kubwa; anayetoka huko ahakikishe daktari amemjazia hati ya chanjo ya Marekani kabla ya kuondoka.

Kalenda ya anayehama

Ukiyaweka yote pamoja, kalenda yenyewe hujichora. Miezi 12 kabla ya safari, gari litakaloletwa liwe tayari limo katika jina la anayehama, na bima yake ianze kutunzwa kwenye faili. Miezi sita kabla, mbwa awekewe chipu, achanjwe, na siku 30 baadaye apimwe damu. Miezi mitatu kabla, tundu linunuliwe, barua iende TRA, na bei za meli zilinganishwe. Miezi miwili kabla, kibali cha mnyama kiombwe na nafasi ya mbwa katika ndege ithibitishwe, kwa kuwa ndege huchukua wanyama wachache kwa safari moja.

Mwezi wa mwisho ni wa kukamilisha: gari lipelekwe bandarini, kipande cha kadi kitumwe DVLA, wakala wa Dar es Salaam apokee nakala za hati. Wiki ya mwisho ni ya daktari na cheti cha afya. Baada ya kufika, anayehama awe mwenyewe nchini kumpokea mbwa uwanja wa ndege na kusaini karatasi za gari bandarini.

Kwa anayefuata kalenda hiyo, gharama kubwa hubaki kuwa nauli. Kwa anayeanza na tiketi, huwa amebakiwa na machaguo machache, na yote ni machungu: kulipa kodi inayokaribia bei ya gari, au kumwachia jirani mbwa ambaye watoto watamuulizia kila jioni.